Cheti Kipo Katumba Songwe, Mwenyewe Yupo Kariakoo Anauza Mawigi

JINA kapuni, na wala si kwa kuogopa kesi. Wapo wengi, ukimtaja mmoja utakuwa umemwonea. Mchukulie tu kama dada fulani hivi wa mjini. Alisomea utoaji dawa, akafanya mtihani, akafaulu, akapewa cheti chake halali kabisa. Leo anauza mawigi Kariakoo, anaposti mzigo mpya kila asubuhi, wafuasi wanamiminika, na hakuna ubaya hapo, mjini kila mtu na ugali wake. Ishu ni kwamba kile cheti hakipo kabatini kwake. Kipo Katumba Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kariakoo, ndani ya fremu ya kioo, ukutani mwa duka la dawa. Kila mwezi kinamwingizia hela kwenye simu. Na chini ya fremu hiyo amesimama mtu mwingine kabisa.

Wakaguzi wakitokea, anayebebwa ni huyo aliyesimama.

Kwa wasiojua, Katumba Songwe ni kata ya wilaya ya Kyela, kule chini upande wa Ziwa Nyasa, jirani na mto Songwe ambao ukiuvuka upo Malawi. Nchi ya mpunga, kakao na michikichi. Kila muuza mchele Dar anaapa mchele wake ni wa Kyela, hata kama gunia limetoka kwingine. Na si Mbeya ile unayoijua ya masweta na ukungu. Huku chini ni joto la kuvua shati. Mvua za Machi na Aprili zikishuka, mito inatapika, majaruba yanageuka bwawa, barabara zinakatika. Maji yakipungua mbu wanabaki. Homa huko ina msimu wake kama embe.

Sasa weka picha hii kichwani. Saa tatu usiku, mtoto anachemka. Mama yake anampigia mdogo wake aliyeko Dar. "Mwanangu hali si nzuri, tuma chochote." Mdogo mtu anatuma elfu ishirini na ujumbe wa mstari mmoja: "Dada, mpeleke pale dukani kwa dokta." Halafu anarudi kwenye mechi yake, roho imetulia, kishatimiza wajibu wa familia.

Unamjua huyo mdogo mtu? Mtazame vizuri, anashika simu kama hiyo uliyoshika wewe.

Na dokta je? Dokta ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Alianza kwa kufagia duka, akapanda kushusha maboksi, siku moja muuzaji wa kwanza akaondoka na tajiri akamwambia, "We si unajua bei zote?" Kuanzia hapo akawa dokta. Koti jeupe alinunua mwenyewe. Kina mama wa kumzaa wanaingia wanamwita dokta kwa heshima zote, na bibi wa miaka sabini anamwinamia kidogo akimsalimia Kinyakyusa, "Ugonile." Hana roho mbaya. Anakopesha, anafungua usiku, anajua nani kajifungua na nani ana sukari. Ila nyuma ya pazia ana kiti cha plastiki na sindano, na pale ndipo mambo yanapoharibika.

Kwa sababu hilo duka haliruhusiwi kuchoma sindano. Haliruhusiwi kulaza mtu wala kumtundikia dripu. Duka la dawa muhimu, wengine wanaita DLDM, ni mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi ambayo kila mtu alikuwa anauza anachotaka. Wazo lenyewe lilikuwa zuri sana: vijijini hakuna wafamasia wa kutosha, basi mchukue mtu, mfundishe, mpe orodha maalumu ya dawa anazoruhusiwa, msajili, mkague. Orodha ina dawa za kawaida na chache za cheti cha daktari, kama amoksilini na ile mseto ya malaria. Anayesimama kaunta lazima awe mtoa dawa aliyefunzwa na kutambuliwa. Mpango wote umesimama juu ya huyo mtu mmoja. Ukimtoa, kinachobaki ni duka la kawaida linalouza sumu kwa kipimo cha kukadiria.

Anayesimamia ni Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Daktari ana Baraza lake la Madaktari Tanganyika, muuguzi na mkunga wana lao, mganga wa tiba asili naye ana lake tangu sheria ya 2002. Mabaraza yapo ya kutosha. Yana madaftari ya majina, yana wakaguzi, yana kamati za maadili, yana uwezo wa kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kumfuta kabisa kwenye daftari asifanye tena ile kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo silaha kubwa. Kufutwa kwenye daftari ni kifo cha kitaaluma.

Swali ni nani anapigwa na silaha hiyo.

Siku ya ukaguzi ikifika unajua inavyokuwa. Gari la serikali linaingia, mkaguzi, mtu wa halmashauri, askari mmoja, pengine na mwandishi mwenye kamera. Maduka ya jirani yanashusha mageti kwa kasi ya ajabu, kata nzima ghafla haina duka la dawa hata moja. Aliyechelewa ndiye anayekamatwa. "Cheti chako kiko wapi?" Kijana anaonyesha ukutani. "Huyu ndiye wewe?" Kimya. Dawa zinamwagwa mezani, zinahesabiwa, zikionekana zenye alama ya GOT za serikali hapo mambo yanakuwa mazito zaidi. Utepe, kufuli, picha. Jioni habari inatoka: dokta feki anaswa. Mtandaoni watu wanacheka, wanatengeneza vichekesho, wanauliza eti watu wa kijijini huwa wanafikiria nini. Siku ya pili kila mtu yuko kwenye habari ya staa aliyeachwa.

Na dada wa mawigi? Siku hiyo kaposti mzigo wa nywele za Brazil.

Hapa ndipo penye hasira. Yule kijana wa kaunta kafanya kosa, na sheria impitie, hakuna wa kumtetea kwenye sindano. Lakini yeye hakuwahi kuahidi chochote kwa mtu yeyote. Hakusaini daftari lolote. Hajui hata hatari ya anachokifanya, ndiyo maana ya kutokusoma. Aliyesoma akajua ni yule mwenye jina kwenye fremu. Alifundishwa mtoto wa kilo kumi anapewa kiasi gani na wa kilo ishirini kiasi gani. Alifundishwa dalili za hatari, kwamba mtoto akianza degedege au akikataa kunyonya hapewi kidonge, anakimbizwa hospitali. Anajua dozi ya nusu ya antibayotiki ni kuwafundisha wadudu mazoezi. Anayajua yote hayo, na kwa kuyajua ndiyo akapewa karatasi ile, halafu akaichukua karatasi bila ujuzi akaipangisha kama chumba cha uani.

Kisheria na kimantiki huyo ndiye Baraza lina mamlaka naye kamili. Kijana wa kaunta hayumo kwenye daftari, utamfutaje mtu ambaye hukuwahi kumwandika? Yeye ni wa polisi na mahakama. Dada jina lake lipo, namba yake ipo, simu yake ipo, mahali pa kazi alipodanganya yupo pameandikwa. Kumpata ni kazi ya dakika kumi ofisini. Kumpata kijana ni kuendesha gari kutoka Mbeya, kupanda Tukuyu na kona zake zote, kushuka Kyela, kupiga vumbi hadi kata. Unajiuliza kwa nini wanachagua safari ndefu.

Na msidhani ni vyeti vidogo vya vijijini tu. Panda ngazi. Famasi ya mjini inatakiwa kuwa na mfamasia msimamizi, mtu wa shahada. Zipo famasi ambazo mfamasia wake anajulikana kwa jina tu kama roho. Wafanyakazi wenyewe hawajawahi kumwona, wanaambiwa "bosi wa cheti". Huyo kaka ana ajira yake nzuri sehemu nyingine, suti safi, anaalikwa kwenye makongamano kuzungumzia usugu wa dawa, anapigiwa makofi. Baraza la Famasi lenyewe limeshakemea mara nyingi hii biashara ya kuazimana vyeti, kwa hiyo si siri, wala hapa hakuna anayefichua jipya. Kinachokera ni kwamba kukemea kunafanyika kwa sauti ya jumla, "baadhi ya wataalamu wachache wasio waadilifu", na kukamata kunafanyika kwa jina na picha. Mwenye cheti anakuwa "baadhi". Kijana wa kaunta anakuwa jina, sura na kijiji.

Tuseme ukweli, mabaraza yakitaka kelele yanaijua. Mwishoni mwa mwaka 2015 kulikuwa na mtu wa tiba asili mjini Dar, maarufu kuliko wasanii wengine, kila ukiwasha TV yupo anaelezea matatizo ya uzazi. Naibu waziri wa afya akatokea klinikini kwake bila hodi, nchi nzima ikafuatilia kama tamthilia. Mwaka uliofuata usajili ukafutwa. Hapo mwenye jina ndiye aliyeguswa, na sababu ilikuwa rahisi: alikuwa na kamera zake mwenyewe. Mwenye jina kwenye fremu ya Katumba Songwe hana kamera. Faida yake yote iko kwenye kutokuonekana.

Ukitaka kuona haya mambo kwa rangi kali zaidi, tazama majirani wa Nairobi. Mwaka 2015 video ilisambaa ya mtu aliyejiita daktari wa kina mama pale Githurai, mgonjwa kitandani hajitambui. Bodi ya madaktari ya Kenya ikasema huyo si wetu, hatumjui, hayumo. Kliniki ikafungwa, kesi ikaanza, watu wakahamia kwenye habari nyingine. Mwaka 2018 waandishi wa televisheni wakamkuta mtu huyohuyo Kayole, kliniki nyingine, koti lilelile. Miaka mitatu! Ilifungwa nyumba, mtu akahama. Hadi 2020 ndipo mahakama ikamhukumu.

Halafu ikaja Oktoba 2023, ile iliyowafanya hata watu wa Sinza wawe wataalamu wa sheria za Kenya. Kijana mmoja akatangazwa na Chama cha Wanasheria cha Kenya kwamba si wakili. Mitandao ikadai ameshinda kesi 26 bila kupoteza, akabatizwa Mike Ross kama yule wa tamthilia ya Suits, hadi kigogo wa vyama vya wafanyakazi akamtetea kwamba kijana ana kipaji. Mwenyewe alikana mashtaka. Lakini katika vurugu zile kuna kipande watu walikiruka. Chama kilieleza kwamba palikuwa na wakili halisi, mwenye jina linalofanana, na akaunti yake kwenye mfumo wa chama ndiyo iliyochezewa, picha ikabadilishwa. Yule wakili alipotaka kuingia kwenye mfumo akakuta mlango umebadilishwa kitasa. Akapiga kelele. Kelele zake ndizo zilizoleta mambo yote hadharani.

Linganisha sasa. Kule mwenye jina alisema kaibiwa, akaenda mbio kushtaki. Huku mwenye jina analipwa kila mwezi, na mwezi hela ikichelewa ndipo anapiga kelele.

Kuna watu wataleta utetezi wao na inabidi usikilizwe, maana wengine si wajinga. Watasema: zahanati iko mbali, na ukifika unaambiwa dawa hakuna, nenda kanunue. Usiku imefungwa. Mvua ikinyesha hufiki Ipinda, hufiki Kyela mjini, Matema ndiyo usahau. Dokta wa duka yupo, anafungua, anakopesha. Mkimfungia mnatuachia nini? Hoja hiyo ni nzito na ndiyo maana kamatakamata peke yake ni upuuzi. Kufuli likiwekwa, kijiji hakipati mtoa dawa mpya, kinapata kufuli tu. Wengine wanavuka mto kununua Malawi, wengine wanarudi kwenye mizizi, wengine wanagawana vidonge vilivyobaki kwa jirani.

Lakini angalia vizuri hoja hiyo inamhukumu nani. Kama Katumba Songwe ina njaa ya mtoa dawa, basi kule kuna nafasi moja ya mtoa dawa, na kwenye makaratasi nafasi hiyo imejazwa. Wilayani wakihesabu wanaona duka lipo, mtaalamu yupo, alama ya vema. Dada wa mawigi amekalia kiti ambacho hakikai. Mtu mwingine aliyesoma, anayetafuta kazi, ambaye angekubali kwenda kuishi kule kwenye joto na mbu akahudumia watu, haajiriwi kwa sababu tajiri wa duka ana hesabu nyepesi: kwa nini nimlipe mtaalamu mshahara mzima wakati naweza kukodi karatasi yake kwa bei ya chee na kumlipa kijana hela ya kula? Kwa hiyo cheti cha kupangisha kinamuumiza mgonjwa na kinamla hadi mtoa dawa mwenzake asiye na kazi. Wanaolalamika mtandaoni kwamba wamemaliza vyuo vya afya na ajira hakuna, waulizane wenyewe kwa wenyewe vyeti vya wenzao viko wapi.

Na tajiri naye? Huyo ndiye anayejua yote. Anamlipa mwenye cheti, anamlipa kijana, anavuna kilichobaki, na siku ya ukaguzi yuko shambani kwake kwenye kakao, simu haipatikani. Baraza linaweza kufuta kibali cha duka. Atafungua jingine kwa jina la shemeji.

Dawa ya hili haihitaji semina hotelini. Duka likikutwa na mtu asiye na sifa, barua ya kwanza iende kwa mwenye cheti, siku hiyohiyo: njoo ueleze kwa nini jina lako lipo huko na wewe haupo. Akikosa maelezo, asimamishwe, na jina lake litangazwe kwa ukubwa uleule wa picha ya kijana. Wawili watatu wakipigwa hivyo, bei ya kukodi cheti itapanda hadi tajiri aone bora aajiri. Chini ya kila cheti kiwekwe picha kubwa ya uso, ya rangi, bibi asiyejua kusoma aweze kulinganisha sura ya ukutani na sura ya kaunta. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili, unaingiza jina unaona kama wakili ana ruhusa ya kufanya kazi au la, na vishoka wa mihuri unawakera sana. Kwa dawa kijijini iwe nyepesi zaidi ya hapo, ya simu ya kitochi, bila bando: tuma namba ya duka, upokee jina la anayetakiwa kuwepo. Yule mdogo mtu wa Dar angeweza kuuliza kabla ya kutuma elfu ishirini.

Wataalamu wenyewe watanuna. Watasema mishahara midogo, maisha magumu, cheti ni jasho langu. Sawa, jasho lako. Lakini daktari anayempangishia mtu koti lake akafanye upasuaji, mngemwitaje? Pale Muhimbili wameshawahi kunaswa watu waliokuwa wanajifanya madaktari, wakizunguka na makoti kula hela za wagonjwa, na watu wa afya walikuwa wa kwanza kutoa povu. Povu hilohilo liko wapi likija suala la fremu ukutani? Au feki ni yule tu asiyesoma?

Mtoto wa saa tatu usiku tumemwacha dukani. Kijana kampima kwa kiganja, kasema malaria, kachoma kitu nyuma ya pazia, katoa na vidonge kwenye kikaratasi bila jina la dawa. Pengine asubuhi ataamka anacheza. Wengi huamka, na ndiyo maana duka lina jina zuri. Asipoamka, kijijini hawatasema ni duka. Watasema mtoto aliletwa amechelewa, au watamtafuta jirani mwenye macho mekundu. Hakuna atakayesoma jina lililo kwenye fremu.

Wakaguzi wakija mwezi ujao watafunga. Watashusha fremu wataondoka nayo kama ushahidi, kijana atalala kituoni Kyela, dada atapata taarifa kwa WhatsApp na atamblokia tajiri. Wiki mbili tatu zitapita. Halafu geti litapandishwa, kijana mwingine, koti jingine, na ukutani fremu mpya yenye jina jipya, la kaka mmoja hivi ambaye siku hizi anafanya kazi benki. Msumari ni uleule.